Kapsuli Tatu Zilezile: Kisa cha Kongosho Lililoacha Kazi

Mgonjwa huyu aliingia katika chumba changu cha kliniki, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiwa ameshikwa mkono na dada yake mkubwa. Nguvu za kutembea alikuwa nazo. Ila jua lilikuwa limezama, na kwa miezi kadhaa, giza likianza tu kuingia, alikuwa haoni njia. Alikuwa na umri wa miaka 29, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 41. Dada yake ndiye aliyeanza kusema. Alieleza kwamba mdogo wake anakauka, kwamba nyumbani hakuna anayekula kama yeye lakini chakula hakimkai mwilini, na kwamba mtaji wa biashara umekwisha kwa kununua dawa. Kisha akafungua mfuko wa plastiki na kumwaga mezani rundo la ordonansi, yaani karatasi za daktari za kuandikia dawa, za miaka miwili.

Nilizipanga kwa tarehe. Alikuwa ametibiwa amiba mara tano, tifoidi mara tatu, na dawa za minyoo alizimeza mara nyingi kiasi kwamba mwenyewe alikuwa ameacha kuhesabu. Katikati palikuwa na omeprazoli ya gastriti, pamoja na katazo lililoandikwa kwa wino mwekundu: asile mafuta. Siwalaumu sana wenzangu. Katika mji huu mtu anayeharisha na kukonda ana sababu nyingi za karibu kabla hatujalifikia kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo inayotoa juisi ya kusaga chakula: giardia (kimelea cha utumbo), kifua kikuu cha tumbo, virusi vya Ukimwi, minyoo, na njaa yenyewe, ambayo haiandikwi kwenye ordonansi. Hata hivyo, katika rundo lile lote sikuona mahali ambapo mtu aliuliza choo chake kinafanana vipi. Wote waliandika neno kuharisha, wakapita.

Nilipomwuliza, alimtazama kwanza dada yake, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Munganga, ile choo inaelea. Ninamwanga mayi mara tatu, haiende. Na juu ya mayi kunabakia mafuta, sawa vile nimeosha sufuria ya sambaza." Alipata choo mara tatu au nne kwa siku, kingi, chenye rangi ya majivu na harufu iliyomfanya aone aibu mbele ya wapangaji wenzake wanaotumia choo kimoja naye. Hakikuwa na damu wala kamasi, na hakikuwa cha majimaji. Huko si kuharisha kwa amiba. Mafuta aliyokuwa akila yalikuwa yakitoka kama yalivyoingia.

Nikarudi nyuma naye katika maisha yake. Maumivu ya tumbo yalianza akiwa na miaka 14, yakimshika juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni, yakikaa siku mbili au tatu, na yakipungua kidogo tu akiinama mbele na kukumbatia magoti. Yalirudi mara kadhaa kila mwaka hadi alipofikia miaka 26 hivi, kisha yakaanza kutulia yenyewe, na ni katika kutulia huko ndipo choo kilipoanza kubadilika. Familia ilikuwa na maelezo yake. Hapa Kivu ya Kusini, mtu anayekonda polepole bila ugonjwa kupatikana husemwa kwamba amepewa karuho, sumu inayotegwa katika chakula au kinywaji. Alipelekwa kwa mganga wa kienyeji, akatapishwa, na maumivu yalipopungua mganga alisema kwamba sumu imeshindwa, na kwamba mafuta yale yanayoelea ndiyo mabaki yake yanayotoka. Mwenzangu mmoja alicheka nilipomsimulia. Mimi sikucheka, kwa sababu yule mganga, pamoja na kukosea juu ya sumu, alikuwa ameunganisha mambo mawili ambayo sisi wenye ekografia, mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, tulikuwa tumeyatenganisha: maumivu ya zamani na mafuta ya sasa ni ugonjwa mmoja. Kongosho linaloungua kwa miaka mingi huweza kuacha kuuma pale linapokaribia kuisha. Mgonjwa hufurahi kwamba amepona, kumbe kiwanda kimefungwa.

Nilimwuliza kuhusu pombe, kwa kuwa ndiyo sababu ya kwanza tunayoitafuta katika kongosho lililoharibika kwa mtu mzima. Kasiksi hajawahi kuionja, kanyanga hata zaidi. Yeye na mume wake ni Waadventista, na hakuna anayevuta sigara nyumbani mwao. Jibu hilo nililiandika kama jambo la historia ya ugonjwa tu, bila kujua kwamba dini yake ingerudi mezani baadaye kwa njia nyingine.

Katika uchunguzi wa mwili, tumbo lilikuwa laini, ini la kawaida, na hapakuwa na tezi zilizovimba wala maji tumboni. Mikononi alikuwa na madoa ya zambarau ambayo hakukumbuka kugonga mahali popote. Kwenye weupe wa jicho, upande wa nje, palikuwa na baka dogo kavu kama povu la sabuni lililokaukia pale, alama ya upungufu wa vitamini A ambayo vitabu hutuonyesha kwa watoto wenye utapiamlo, na ambayo sikuitarajia kwa mwanamke anayeuza samaki na kupika kwa mawese kila siku. Mawese mekundu yana malighafi ya vitamini A kwa wingi, lakini vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta. Mafuta yakitoka, nazo zinatoka. Mawese yalikuwa sahanini, na giza likawa machoni.

Vipimo vilithibitisha hivyo. Kipimo cha kuganda kwa damu kilikuwa asilimia 48 ya kawaida; nikampa miligramu 10 za vitamini K kwa sindano, na kesho yake kikapanda hadi 88. Jibu hilo lilinitosha kujua kwamba ini lake linafanya kazi na kwamba lilikosa tu vitamini. Virusi vya Ukimwi havikuonekana, choo cha siku tatu tofauti hakikuwa na giardia, hemoglobini ilikuwa gramu 9.8, yaani damu pungufu, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa miligramu 118 kwa desilita, yaani juu kidogo ya kawaida lakini chini ya 126 ambapo tunaanza kuita kisukari. Mtaalamu wa maabara alitia tone la rangi ya Sudani III, ambayo hushika mafuta, kwenye kipande cha choo, akaniita nikaangalie mwenyewe: matone mekundu ya chungwa yalijaa uwanja wote wa hadubini, mengine makubwa kiasi cha kugusana. Ekografia ilionyesha kongosho dogo, lenye mfereji uliotanuka hadi milimita 8. Picha ya radiografia (eksirei) ya tumbo, iliyo rahisi kuliko vyote, ilionyesha punje nyeupe zilizojipanga kuvuka uti wa mgongo mbele ya pingili za kwanza na za pili za kiuno, kama chumvi ya mawe iliyomwagwa kwenye mstari. Hayo ni mawe ya chokaa ndani ya kongosho. Katika umri huo, bila pombe, na historia ya maumivu tangu ujana, tunauita ugonjwa wa kongosho wa nchi za joto.

Palibaki kipimo cha elastasi, kimeng'enya (kisaga chakula) kinachotolewa na kongosho, katika choo, ambacho kikiwa chini ya mikrogramu 200 kwa gramu huashiria upungufu wa kongosho, na chini ya 100 upungufu mkubwa. Ni kipimo kizuri, chenye udhaifu wake: choo cha majimaji hukipunguza na kudanganya. Sampuli ilibidi itumwe nje ya mji, na bei yake ilikaribia dawa ya wiki mbili. Niliamua kutokituma. Mtu mwenye mawe ndani ya kongosho, mafuta chooni na uzito unaoporomoka hahitaji namba ya kumwambia kwamba kongosho lake limeshindwa, anahitaji dawa. Wapo watakaopinga uamuzi huo, na mimi mwenyewe, wiki sita baadaye, nilitamani kuubadilisha.

Kabla ya kufika huko, yafaa kueleza kwa nini mafuta ndiyo yanayotangulia kushindwa. Wanga huanza kusagwa mdomoni kwa mate, na protini huanza kuvunjwa tumboni na tindikali na pepsini, lakini mafuta, ukiondoa kazi ndogo inayofanyika tumboni, hulisubiri kongosho. Claude Bernard, mtaalamu wa fiziolojia wa Ufaransa, aliliona hilo katikati ya karne ya 19 kwa sungura. Katika mnyama huyo mfereji wa kongosho hufungukia mbali chini ya ule wa nyongo, na Bernard alipowapa chakula chenye mafuta aliona mishipa ya utumbo ikigeuka myeupe kama maziwa kuanzia pale tu juisi ya kongosho ilipoingia. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ni lipasi. Mungu, au maumbile, alituwekea akiba kubwa mno: mwaka 1973 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walionyesha kwamba mafuta huanza kutoka chooni kwa wingi pale tu lipasi inaposhuka chini ya asilimia 10 ya kawaida. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii anapofika kwetu, tisa ya kumi ya kongosho lake imekwisha kufa. Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo unatia moyo, kwa sababu hatuhitaji kurudisha yote. Sehemu ndogo ikifika mahali pake kwa wakati wake, inatosha kubadilisha mambo.

Dawa yenyewe ni unga wa vimeng'enya, lipasi ya mafuta, amilasi ya wanga na protiasi ya protini, uliotengenezwa kuwa punje ndogo sana na kutiwa ndani ya kapsuli. Kila punje imevikwa ngozi inayostahimili tindikali, kwa sababu lipasi ikikutana na tindikali kali ya tumbo huharibika na hairudi tena. Ngozi hiyo huyeyuka pale tindikali inapopungua, mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Mjini hatukuipata. Ndugu wa mume aliileta kutoka Kigali, kopo la kapsuli 100, kila moja ikiwa na uniti 25,000 za lipasi, na bei yake ilizidi faida ya mwezi mzima ya sambaza. Nikaandika ordonansi. Nikaongeza vitamini A isiyozidi uniti 10,000 kwa siku, baada ya kipimo cha mimba kuonyesha kwamba hana, maana kwa mwanamke wa umri wa kuzaa dozi kubwa ya vitamini hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nikafuta lile katazo la mafuta. Kumnyima mafuta mtu wa kilo 41 ni kumwongezea njaa. Chakula chake kiwe cha kawaida, kigawanywe mara nyingi ndogo, na dawa ndiyo ishughulike na mafuta.

Alirudi baada ya wiki sita. Uzito: kilo 41 na nusu. Choo kilikuwa kinaelea kama zamani, na jioni bado alishikwa mkono.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na maana ya kuandikwa. Tulikaa wenzangu watatu na mimi tukiwa na faili lake. Mmoja alisema uchunguzi wetu si sahihi, tutume elastasi. Mwingine alipendekeza dozi iongezwe mara mbili, jambo ambalo vitabu vinaliruhusu, kwa kuwa watu wazima wengi huanzishiwa uniti 40,000 hadi 50,000 kwa mlo mkuu, na kiwango cha juu cha tahadhari, 10,000 kwa kila kilo kwa siku, kilikuwa bado mbali. Wa tatu alitaka turudishe omeprazoli ili kuilinda lipasi na tindikali. Kila pendekezo lilikuwa na akili ndani yake, na kila moja lilikuwa na gharama. Nilikuwa nimeshika kalamu niongeze dozi, ndipo nikakumbuka kwamba sijamwuliza anaimeza namna gani.

Nikamwomba anisimulie siku yake ya jana tangu kuamka. Akatoa simu ndogo ya vibonyezo kutoka kwenye pindo la kitenge, akanionyesha kengele tatu alizozitega: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Asubuhi hunywa chai kavu, bila maziwa, humezea kapsuli ya kwanza chai hiyohiyo ikiwa ya moto, kisha hushuka ziwani kupokea sambaza. Saa tano hula mandazi mawili na avoka. Saa nane kengele hulia akiwa sokoni, humeza ya pili kwa maji. Saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumbani, hula mlo wake mkubwa: bugali, sambaza za kukaanga, sombe. Saa nne usiku, akiwa amelala, kengele humwamsha, huketi kitandani, humeza ya tatu, hulala tena. Kwa wiki sita hakukosa hata moja. Sina mgonjwa aliyekuwa mtiifu kumzidi.

Nilichukua ordonansi yangu nikaisoma kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Ilisema: moja mara tatu kwa siku. Nilikuwa nimeandika kama ninavyoandika amoksisilini, na famasia ikamfafanulia kama inavyofafanua amoksisilini: kila baada ya saa nane. Kwa kiuavijasumu maelezo hayo ni sahihi, kwa sababu dawa ile inatakiwa ikae kwenye damu kwa kiwango cha kutosha mchana na usiku. Vimeng'enya haviingii kwenye damu kufanya kazi. Kazi yao ni ndani ya utumbo, juu ya chakula kilichopo, kwa muda mfupi. Punje zile zimefanywa ndogo ili zichanganyike na chakula tumboni na kutoka nacho kidogo kidogo kuelekea utumboni. Zikiingia tumbo tupu hutangulia peke yake, hufunguka, hazikuti kitu, na zinapita. Ya asubuhi ilikuta chai. Ya mchana ilichelewa saa tatu baada ya avoka, na ya usiku ilifika saa tatu na nusu baada ya bugali, wakati mafuta ya sambaza yalikuwa yamekwisha kupita njia yake. Kosa lilikuwa langu, na mgonjwa alikuwa amelilipia kwa kila dola ya lile kopo.

Nikaandika upya bila saa yoyote. Chai kavu haihitaji kapsuli. Mandazi na avoka, moja, imezwe pamoja na tonge la kwanza. Bugali wa jioni, mbili: ya kwanza mwanzoni, ya pili katikati ya kula. Zimezwe kwa maji ya kawaida na zisitafunwe, maana kuzitafuna ni kuvunja ile ngozi inayozilinda. Kopo likae mahali pa baridi chini ya nyuzi 25, mbali na bati la paa. Kwetu Bukavu, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, hilo si gumu, lakini angekuwa Uvira ningelisema mara mbili. Kapsuli zilibaki tatu kwa siku, zilezile, na hakuna senti iliyoongezeka.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimemweleza kwamba unga ule ni ile juisi ambayo kongosho lake limeacha kuitoa, na maelezo hayo alikuwa ameyafikiria. "Hiyo mayi ya kongosho," akauliza, "munaitoshaka wapi? Ni kongosho ya nani?"

Ni kongosho la nguruwe. Nikamwambia. Dada yake akanyamaza. Mgonjwa akaliweka kopo mezani mbele yangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu ambacho si chake, akasema ni lazima azungumze kwanza na baba ya watoto. Waadventista hawali nguruwe. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba yeye ni Mwadventista, niliandika kwa mkono wangu, na sikumwambia. Sijui kama nilisahau au nilikwepa; pengine vyote viwili. Ruhusa ya mgonjwa haipatikani kwa kumficha jambo ambalo ungejua lingemzuia, hata kama nia ni kumwokoa.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi alikuja na mume wake pamoja na mzee wa kanisa, mtu mzima aliyevaa koti katika joto la mchana. Mzee aliniuliza maswali matatu, yote ya maana. Je, hakuna ya ng'ombe? Nikamjibu kwamba dawa za aina hii zilizothibitishwa vizuri zinatokana na nguruwe, na zile za mimea au kuvu zinazouzwa kama virutubisho sikuweza kumhakikishia kwamba zingemsaidia. Je, bila dawa hii atakuwaje? Nikamwonyesha madoa mikononi na picha ya radiografia, nikamweleza kwamba mtu hawezi kuishi muda mrefu akikonda hivyo, na kwamba upofu wa usiku ukiachwa unaweza kuwa upofu wa mchana. Je, inaliwa kama nyama? Nikasema hapana, ni unga uliosafishwa, unaomezwa kama dawa nyingine. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba Walawi, sura ya 11, inazungumza juu ya mezani, na kwamba yeye haoni meza hapa. Mume akachukua kopo akalitia mfukoni. Sikuchangia neno katika uamuzi huo, kwani haukuwa wangu. Tangu hapo, kabla ya kuandika dawa hii kwa Mwadventista, Mwislamu au Mkimbangu (muumini wa kanisa la Simon Kimbangu), jambo la kwanza ninalosema ni asili yake, na humwacha mgonjwa aende kuuliza anapotaka kuuliza.

Siku ya nne ya utaratibu mpya alipiga simu kusema kwamba choo kimezama. Alisema neno hilo moja, akacheka, akakata simu kabla salio halijaisha. Baada ya wiki mbili aliacha kushikwa mkono jioni, kwa kuwa sasa vitamini A ilipata mafuta ya kusafiria. Madoa yalifutika. Wiki ya sita uzito ulikuwa kilo 43 na nusu, na mwezi wa tatu 46. Elastasi haikutumwa. Hata omeprazoli haikuhitajika. Tuliiweka akiba kwa ajili ya wale ambao wanakula dawa vizuri na bado choo kinaelea. Katika hali hiyo ningeongeza pia dozi, na ningetafuta tena giardia au wingi wa bakteria katika utumbo mwembamba, ambao huweza kufuatana na kongosho lililoshindwa.

Jambo moja lilitushtua mwezi wa pili: sukari ya asubuhi ilifika 163. Dada yake aliishuku dawa. Kwa kweli dawa ilikuwa imefunua kilichokuwa kimefichwa na njaa. Kongosho lilelile linalotoa vimeng'enya ndilo linalotoa insulini, na mwili ambao haupati chakula hauna sukari nyingi ya kuonyesha. Chakula kilipoanza kuingia, upungufu wa insulini ukajitokeza. Kisukari cha aina hii kina hatari yake, kwa sababu ugonjwa huharibu pia chembe zinazotoa glukagoni, homoni inayoinua sukari inapoporomoka, kwa hiyo mgonjwa akizidishiwa insulini huanguka haraka na huchelewa kuinuka. Tulianza na dozi ndogo, uniti 6 asubuhi, chupa ikihifadhiwa ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji kwa kuwa nyumbani hakuna friji, na kwa sharti kwamba aongeze mlo wa asubuhi: uji wenye maziwa au karanga, pamoja na kapsuli ya nne. Hapo gharama ikapanda kweli, kopo likawa la siku 25, na mume akaanza kununua mapema ili njia ikifungwa wasikose. Kwa watu wa mji huu, hofu ya kufungwa kwa njia si ya kubuni.

Familia iliuliza chanzo, na swali la muhogo halikukosekana. Lilikuwako wazo, lililotokana hasa na wagonjwa wa Kerala, India, kwamba sianidi ya muhogo ndiyo inayoharibu kongosho, na sisi Wakongo hatuwezi kulipuuza kirahisi kwa kuwa muhogo usiolowekwa vizuri ulikwisha kutuletea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa huko Kwango, magharibi mwa Kongo, mwaka 1938. Lakini kwa upande wa kongosho wazo hilo halikuthibitika. Mamilioni hula bugali wa muhogo kila siku na makongosho yao ni mazima, na baadaye ilionekana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kuna kasoro ya kurithi katika jeni iitwayo SPINK1. Niliwaambia waloweke muhogo wao siku za kutosha kama mama zao walivyofanya, na waendelee kula. Kuhusu mawe, upasuaji wa kufungua mfereji unafanywa kwa ajili ya maumivu, na yeye hana maumivu tena; tumeyaacha. Nilimwonya tu kwamba maumivu yakirudi, au uzito ukishuka tena ilhali anameza dawa vizuri, asisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu kongosho la namna hii huweza kupata saratani kuliko la mtu mwingine.

Mwezi wa tisa alikuja peke yake, jioni, uzito kilo 50. Alipokuwa kwenye benchi la kungojea, mama mmoja aliyekaa naye alimkatia nusu ya avoka, naye akafungua pindo la kitenge, akatoa kapsuli moja iliyofungwa kwenye kikaratasi, akaimeza kwa maji na kuanza kula. Alipoingia alikuwa na swali moja tu: ndizi mbivu, peke yake, nayo inataka dawa? Nikamwambia hapana, ndizi haina mafuta ya kuhitaji msaada. Ila akiikaanga, moja.